Mafuta Mekundu Si Mamoja



Mara hii hatutasema juu ya viwavi vya mahindi wala juu ya chokaa ya kupunguza ukali wa udongo. Tutasema juu ya motokari. Wengine watauliza: waagronomi wanaingia wapi katika mambo ya garaji? Tunaingia kwa mlango huu: msimu uliopita, mavuno yaliyotuuma zaidi upande wa Koni hayakupotea shambani. Yalipotea barabarani, ndani ya Noah ya zamani iliyokataa kubadili vitesi. Nyanya hazijui kama kosa ni la mkulima ao la mekanisyen. Zinaoza tu.

Hiyo Noah wengi mnaijua. Ni Toyota ya mwaka 2002, usukani upande wa kuume, na ilipita njia ambayo motokari nyingi za kwetu zinapita: meli mpaka Dar es Salaam, kisha Tunduma, Zambia, Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi. Ilitengenezwa kwa kubeba baba, mama na watoto kwenye lami ya Japani. Siye tumetoa viti vya nyuma. Tunapakia vikapu vya nyanya, mifuko ya mahindi, mayai, na juu ya mifuko wanakaa mama wawili watatu wanaokwenda kuuza Likasi. Kisha tunashangaa kama bwati ya vitesi inalalamika.

Ilianza kidogo kidogo. Asubuhi, shofere akitia D, motokari ilikuwa inakawia, kisha inaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kutoka vitesi ya kwanza kwenda ya pili ilikuwa inapiga pu! Mama mmoja wa mayai alisema mbele ya komite: "Ile motokari inatupiga teke mu mugongo." Shofere alisema ni barabara. Prezida alisema ni shofere. Fundi wa kwanza tuliyemuuliza hakufungua hata kifuniko cha moteri. Alisema bwati imekufa, tutafute ingine Lubumbashi. Bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na mbolea ya hekta mbili. Na ilikuwa mwezi wa kumi, wakati makuta yote ya kooperative yalikuwa yanangoja mbegu na mbolea kabla ya mvua.

Hapo ndipo sisi tulitoa shauri letu. Tulisema: kabla ya kununua bwati, tubadilishe mafuta kwanza. Shauri lenyewe halikuwa baya. Ubaya wake ni kwamba hatukusema mafuta gani. Shofere alituuliza waziwazi: "Niweke mafuta ya namna gani?" Tukajibu kama watu waliosoma wanavyojibu wakati hawajui: "Ya bwati otomatiki, ile nyekundu." Akaenda, akanunua lita nne zilizochotwa kutoka pipa na kumiminwa ndani ya chupa za maji. Yalikuwa mekundu kweli. Juma la kwanza tulijisifu. Juma la pili, kwenye mlima, motokari ikiwa imejaa, moteri ilipandisha sauti na magurudumu hayakufuata. Vikapu vya nyanya vililala siku mbili kando ya njia. Harufu ile hatujaisahau, na hesabu ya wenye nyanya pia hatujaisahau.

Kosa lilikuwa letu, si la shofere. Tangu siku ile tumeuliza mafundi wanaofungua bwati kwa mikono yao, tumesoma vitabu vya motokari, na tumefikia maoni ambayo tunataka kuyaweka mbele yenu: kununua mafuta ya bwati kwa kutazama rangi ni sawa na kununua mbolea kwa kutazama weupe wa punje.

Angalieni urea. Ni nyeupe, ni punje. Kuna mbolea zingine nyeupe, punje vilevile. Hakuna mwanachama hapa anayeweza kuweka urea peke yake siku ya kupanda mahali pa NPK na kusema "mbolea ni mbolea". Mnajua mmea mchanga unataka fosfori kwa ajili ya mizizi, na mnajua urea inakuja nyuma, wakati mahindi yamefika magotini. Lakini ninyi wenyewe, na sisi pamoja nanyi, tunasimama mbele ya duka na kusema: "Nipe ile nyekundu." Ile rangi inatiwa kiwandani, kusudi mtu akiona tone chini ya motokari ajue limetoka wapi: mafuta ya moteri ao ya bwati. Haisemi kitu kingine.

Sasa, kwa nini jina la mafuta ni neno kubwa namna hii? Juu ya ndani ya bwati otomatiki mafuta hayapaki tu vyuma. Yanapoza. Yanasukuma: pampu inayapeleka kwa nguvu katika vijia vidogo, na nguvu hiyo ndiyo inayofunga na kufungua ambreyaji za ndani. Yanabeba nguvu ya moteri kupitia ule mviringo mkubwa wa mbele, konvertisa, ambamo mafuta yenyewe yanazunguka. Na kazi ngumu kuliko zote ni ya kuteleza na kushika. Ndani kuna diski zilizofunikwa na kitu kama karatasi ngumu. Zikikutana zinatakiwa kuteleza kidogo, sehemu ya sekunde tu, kisha kushika kabisa. Mafuta yanayoteleza sana yanafanya diski zichelewe, ziwake, ziungue. Mafuta yanayoshika haraka sana yanafanya motokari ipige teke. Kila kiwanda kilichora diski zake kikijua ni mafuta gani yatapita kati yake.

Kuna habari moja ambayo ilitufurahisha, ingawa iko mbali na Koni. Kwa miaka mingi Wamarekani walitia mafuta ya nyangumi katika mafuta ya bwati otomatiki. Ndiyo, nyangumi, yule mnyama mkubwa wa bahari. Mafuta yake yalikuwa mazuri sana kwa kazi hii ya kuteleza na kushika. Mwanzo wa miaka ya 1970 serikali yao ilikataza, kwa sababu nyangumi walikuwa wanaisha. Viwanda vikatafuta kitu kingine, na mafuta ya kwanza yaliyofuata yalileta taabu: bwati nyingi ziliharibika mapema mpaka walipopata mchanganyiko uliofaa. Rangi ilibaki nyekundu wakati wote.

Turudi kwa majina. Katika maduka yetu mtaona sana neno Dexron. Ni jina la kampuni General Motors ya Marekani, lilianza 1967. Dexron III ilikuja 1993, na motokari nyingi za Japani za miaka ile zilikubali mafuta ya namna hiyo. Lakini mwisho wa 2006 General Motors iliacha kutoa ruhusa kwa jina Dexron III. Maana yake, bidoni unayoiona leo imeandikwa Dexron III, wenye jina hawaichungulii tena. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa maji ya rangi. Unamtegemea aliyeijaza tu.

Toyota ina majina yake. Kuna T-IV, wengine wanaandika T-4, ambayo iko katika motokari nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000. Kisha ikaja WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Toyota inasema wazi kwamba hizo mbili hazichanganywi wala hazibadilishani. Nissan wana Matic zao, Mitsubishi wana SP-II na SP-III, Honda wana yao. Mtu akikwambia "ya Kijapani ni sawa zote", mwambie akuonyeshe ilikoandikwa.

Tena kuna hatari kubwa zaidi, na hapa tunaomba wenye Noah na Voxy wasikilize vizuri. Motokari hizi za umbo lile la 2001 mpaka 2007 ukizitazama kwa nje ni mapacha. Lakini za kwanza zina bwati otomatiki ya kawaida, ya vitesi vine. Toka 2004 Toyota iliingiza bwati ya namna nyingine, CVT, ambayo haina vitesi vya kuhesabu. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya magurudumu mawili. Mkanda ule unataka mafuta yake ya CVT na si mengine. Ukiyatia mafuta ya bwati ya kawaida, mkanda unateleza juu ya chuma na kukikwaruza, na hapo hakuna vidanji itakayokuokoa. Kwa hiyo usichukue shauri la jirani kwa sababu tu Noah yake ni ya rangi sawa na yako.

Utajuaje basi? Jibu liko ndani ya motokari yenyewe, na hili ndilo lililotutia haya. Tulipovuta kile kijiti cha kupimia mafuta ya bwati, tukakipangusa kwa kitambaa na kukigeuza kwenye jua, herufi zilikuwa pale, zimechongwa katika chuma: T-IV. Zilikuwa pale toka 2002. Zilivuka bahari, zikapita Dar na Kasumbalesa, zikangoja mtu azisome. Siye tulikuwa tunatazama kama mafuta yamefika alama, hatukutazama neno. Si motokari zote zina maneno kwenye kijiti. Zingine zinayo katika kitabu tu, na zile mpya zaidi hazina kijiti kabisa, kiwango chake kinapimwa na fundi kwa chini, motokari ikiwa na joto fulani. Lakini anza na kijiti. Ni bure.

Wakati umekishika, pima vizuri. Wengi wanapima bwati kama wanavyopima moteri, asubuhi, moteri imezimwa, kisha wanaongeza, wanaongeza. Kwa Toyota ni kinyume: tembeza motokari robo saa ao zaidi, simama mahali pa usawa, acha moteri inanguruma, pitisha mkono wa vitesi polepole toka P mpaka mwisho na kurudi P, ndipo uvute kijiti na kusoma kati ya alama za HOT. Honda wanataka moteri izimwe kwanza. Kwa hiyo tena, kitabu. Mafuta yakiwa chini, pampu inavuta hewa na motokari inakawia kushika. Yakizidi, vyuma vinavyozunguka vinayapiga kama mama anayepiga mayai, yanakuwa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma. Tumeona motokari mbili zilizokuwa na ugonjwa wa kuzidishiwa tu. Zilitolewa lita moja, zikapona.

Dondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Mekundu na safi, vizuri. Kahawia, yamechoka. Meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, diski zimeanza kulika. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa, simamisha motokari palepale: maji ya radiateri yameingia katika bwati, kwa sababu katika motokari nyingi mafuta ya bwati yanapozwa ndani ya radiateri, na kikitoboka kile kijia, maji na mafuta vinakutana. Hapo kubadili mafuta bila kutengeneza radiateri ni kutupa makuta.

Yetu yalikuwa kahawia yenye giza, yenye harufu kidogo. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Likasi asiyesema maneno mengi, alifungua sahani ya chini. Ndani mna sumaku ndogo zinazokamata unga wa chuma. Alitupakaza ule unga kidoleni: ulikuwa laini kama masizi ya sufuria. Akasema: "Hii ni ya uzee. Kama ingekuwa na vipande, ningewaambia muende kwenu." Huo ndio mpaka ambao tunaomba kila komite iujue. Unga laini, endelea na mafuta. Vipande vya chuma vinavyong'aa ao vipande vya ile karatasi ya diski, acha. Mafuta mazuri hayarudishi kitu kilichokatika, na fundi anayekuahidi hivyo anataka makuta ya vidanji tu.

Wapo watakaosema: "Bwati ya zamani usiiguse, ukibadilisha mafuta itakufa." Maneno haya hatuyachekei. Yana mzizi. Kuna mashine za garaji zinazosukuma mafuta mapya kwa nguvu na kutoa ya zamani yote mara moja, na bwati iliyokaa miaka kumi bila vidanji inaweza kuanza kuteleza siku ileile. Mara nyingi ilikuwa imekwisha kufa, lakini mwenye motokari anahesabu kutoka siku aliyolipa. Kwa motokari ya umri huu, sisi tunaona vidanji ya polepole ni bora. Bwati kama hii, tuseme inachukua lita 8. Ukifungua kwa chini, zinatoka karibu lita 4 tu; zingine zinabaki ndani ya konvertisa na vijia. Unarudisha kiasi kilekile kilichotoka, kipime kwa chupa, usikisie. Sasa una nusu mpya, nusu ya zamani. Tembea majuma mawili ao matatu, rudia: robo tatu mpya. Rudia mara ya tatu: saba ya nane. Ni kama chokaa katika shamba letu la udongo mkali. Hatutupi yote siku moja. Tunaweka, tunangoja, tunapima.

Mara ya kwanza alisafisha na filtere. Katika Toyota nyingi ni wavu wa chuma, inaweza kuoshwa. Katika motokari zingine ni ya kubadilisha. Aliweka T-IV kutoka bidoni zilizofungwa.

Matokeo? Tuseme ukweli wote. Baada ya mara ya kwanza, tofauti ilikuwa ndogo. Baada ya mara ya pili, ile teke ya kwanza kwenda ya pili ilipungua sana, na mlima uleule ilipanda bila kuteleza, kwa mzigo mdogo. Baada ya mara ya tatu, mama wa mayai aliacha kulalamika, na yeye ndiye kipimo chetu. Lakini asubuhi ya baridi, mwezi wa sita na wa saba, bado inakawia kidogo kushika D. Mzee alisema hiyo ni umri wa mipira ya ndani, na kwamba hakuna mafuta yatakayoirudisha. Tulikubali. Shofere sasa anaacha moteri ipate joto kidogo kabla ya kuondoka. Bei ya vidanji tatu haikufika hata robo ya ile bwati ya Lubumbashi, na mbolea ilinunuliwa kwa wakati.

Lakini hatutaki mtu afikiri kwamba kila teke linatoka kwa mafuta. Mipira inayoshika moteri ikikatika, motokari inapiga vilevile. Katika HiAce na Hilux za zamani zaidi kuna kamba inayotoka kwenye mguu wa mafuta kwenda bwati. Ikilegea ao ikivutwa sana, vitesi vinaingia vibaya hata kama mafuta ni ya jana. Hivi vyote vinatazamwa kwa dakika chache, bila kununua kitu. Ndiyo maana fundi asiyefungua kifuniko hatumlipi.

Sasa tunakuja kwa neno ambalo katika mkutano lilileta makelele. Mwanachama mmoja alisema: "Ninyi munasema T-IV, T-IV. Iko bei. Na siku ingine haiko. Tufanye nini, motokari ilale?" Ana haki. Jibu letu ni hili. Kuna mafuta yaliyotengenezwa kwa kufaa motokari za namna nyingi, na nyuma ya bidoni wanaorodhesha majina: T-IV, SP-III, Matic, na mengine. Kama bidoni imefungwa kwa kiwanda, ina jina la kiwanda kinachojulikana, na T-IV imeandikwa pale kwa herufi, sisi tunakubali kuitumia katika Noah yetu. Si lazima bidoni iwe na neno Toyota. Tunachokataa ni pipa lisilo na jina, chupa ya maji, bidoni yenye kizibo kilichokwisha kufunguliwa na kubandikwa tena, na muuzaji anayesema "hii inaingia mu zote, hata mu CVT". Mafuta yanayoingia katika zote namna hiyo, hatuyaamini.

Tunakataa pia zile dawa za chupa ndogo zinazoahidi kuponya bwati. Zingine zinavimbisha mipira ya ndani kwa muda, na motokari inaonekana imepona mpaka umemaliza kulipa. Ukiwa na makuta ya dawa, ongeza lita moja ya mafuta yenye jina.

Na mzigo. Hapa tunajua hatutapendwa. Mafuta ya bwati yanauawa na joto kuliko na kilomita. Mafundi wana kanuni yao: kila digrii 10 za joto kupita kiasi, maisha ya mafuta yanakatwa karibu nusu. Noah iliyopakiwa mara mbili ya uwezo wake, ikipanda kwa vumbi ao kwa matope ya mwezi wa pili, konvertisa inazunguka bila magurudumu kufuata vizuri, na joto linapanda. Ukikwama matopeni, ile desturi ya kukanyaga mafuta, D, R, D, R, dakika kumi, ndiyo inayopika mafuta yote. Teremsheni mzigo, sukumeni. Vikapu vitano pungufu kwa safari ni hasara inayoonekana. Bwati iliyoungua ni hasara inayokuja baadaye, na inalipwa na watu wote, hata yule ambaye hakupakia siku ile.

Neno moja kwa kooperative zenye Canter ao Hilux ya vitesi vya mkono, na zenye trakta. Msiseme haya hayatuhusu. Bwati ya mkono ina mafuta yake mazito, na kwenye bidoni mtasoma GL-4 ao GL-5. Namba kubwa si lazima iwe bora. GL-5 imetengenezwa kwa meno ya diferansieli ya nyuma, yenye shinikizo kubwa. Dawa zilizomo, za sulfuri, zinaweza kula pete za shaba ya njano zinazosaidia vitesi kuingia bila kelele. Kama kitabu kinasema GL-4, weka GL-4. Na trakta, mafuta ya bwati mara nyingi ndiyo yaleyale yanayoinua jembe, na katika trakta nyingi breki zimo ndani ya mafuta hayo. Ukitia mafuta ya moteri mle, breki zitaanza kulia, na jembe litapanda polepole.

Tunachoomba kwa komite ni kitu kidogo. Daftari moja kwa kila motokari, likae kwa mtunza makuta na si ndani ya motokari. Ukurasa wa kwanza: jina la mafuta ya moteri, ya bwati, ya breki, kama yalivyoandikwa katika kitabu ao kwenye kijiti. Kurasa zingine: tarehe, kilomita, lita ngapi, zimenunuliwa wapi, nani alitazama kizibo. Na katika bajeti ya msimu, mstari wa vidanji upigiwe kura pamoja na mstari wa mbegu, mbele ya wote. Kwa sasa shofere anaachiwa mzigo huu peke yake, anapewa makuta kidogo, anaambiwa "fanya vile unajua", na siku motokari ikifa tunamgeukia. Sisi wenyewe tulimfanyia hivyo.

Mafuta ya zamani msiyamwage. Tunajua wengine wanayapaka kwenye miti ya uzio kwa ajili ya mchwa, wengine wanayamwaga kwenye mfereji. Bustani zetu za mboga zinakunywa maji yaleyale, na Lufira tayari inapokea vya kutosha kutoka viwanda vya Likasi kabla haijafika kwenye mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni. Weka ndani ya bidoni, rudisha garaji.

Noah inaendelea kwenda Likasi, vikapu vimepungua vitano, jambo ambalo bado wengine hawajatusamehe. Lita nne za vidanji ijayo zimekwisha kununuliwa. Ziko katika depo ya mbegu, zimefungwa, mbali na mbolea, na mtunza makuta ameandika juu ya bidoni kwa biki nyeusi: T-IV, BWATI YA NOAH, MUSIGUSE.